Tonge kwa Funda

Mwaka ule nyumbani kwetu tulikuwa tunakula kama wezi. Unga ulikuwa wetu, samaki wetu, hata chumvi yetu, lakini ilibidi tukale kwenye banda la kuku la jirani, tumechuchumaa, jogoo anatuangalia kama mwenye nyumba asiyependa wageni. Mtu akicheka, shangazi alimfinya. Akigonga sahani, alifinywa pia. Mimi nilifinywa kwa yote mawili, na siku moja nilifinywa kwa kupiga chafya.

Sababu ilikuwa baba. Alikuwa amelala chumba cha mbele, pale pale kwetu Nyakato ya Mara, si ile ya Mwanza, na koo lake lilikuwa linafunga.

Halikufunga kwa siku moja. Kwanza ilikwama nyama, akasema ng'ombe wa siku hizi wanachinjwa wakiwa vikongwe. Kisha ukakwama ugali, akasema mama hausongi vizuri, mama akanuna mpaka tukaanza kujipikia wenyewe. Ulipokwama uji ndipo hakupata wa kumlaumu, akakubali kupanda basi kwenda Mwanza na baba mdogo. Waliporudi, baba mdogo alituita uani, akasema daktari ameona uvimbe kwenye njia ya chakula. Dar es Salaam kuna mionzi, lakini kwa pale ulipofikia, kumpeleka huko ni kumchosha tu.

Neno kansa hakulitamka. Hakuna aliyelitamka. Majirani walikuwa wanauliza, "Koo linaendeleaje?" utadhani Koo ni mgeni wetu kutoka Tarime. Aliyelisema ni baba mwenyewe, tena mbele ya watu:

"Ni kansa. Semeni tu, haiongezeki kwa kusemwa."

Shangazi akaziba masikio kwa mikono yote miwili.

Shangazi huyu ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa na meza yake ya mitumba sokoni Bunda, akaifunga, akaja kwetu na begi moja na sheria nyingi. Mimi nilimwita Serikali, kwa siri. Sheria yake ya kwanza ilitoka kabla hajavua viatu.

"Mtu asiyeweza kumeza, huli mbele yake. Hupiki akasikia harufu. Ni kumtukana. Kwetu hatufanyagi hivyo."

Mama hakubisha. Nani abishane na wifi mkubwa? Basi jiko letu likazimwa. Unga ukahamia kwa jirani, sufuria zikahamia kwa jirani, hata mwiko. Dagaa wa kukaanga wakapigwa marufuku kabisa, maana harufu yao haina adabu, inapita hata ukutani. Tulikuwa tunatoka mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda chooni, tunakutana bandani. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hajaanza hata shule, alifundishwa kufuta mdomo na kunusa vidole kabla ya kuingia kwa baba. Tulikuwa tunajiona watu wenye huruma sana.

Sasa ili mnielewe, lazima niseme jambo moja kuhusu baba na chakula.

Nilipokuwa mdogo ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na unga ukipatikana ni ule wa mahindi ya njano, ugali wake tukauita yanga. Baba alikuwa kibarua, baadaye akaajiriwa kabisa kiwanda cha nguo. Akitoka zamu alipanda baiskeli mpaka Bunda kutafuta mahindi, akarudi nayo yamefichwa chini ya majani ya ng'ombe, kwa sababu barabarani kulikuwa na vizuizi na kusafirisha mahindi bila kibali ilikuwa kesi. Tulikuwa tunamsikia kwa mlio wa mnyororo kabla hajaonekana. Alikuwa na jambo moja tu la kujisifia, na alilisema kwenye kila sherehe, hasa wajomba zangu wakiwepo: "Katika nyumba hii hakuna mtoto aliyelala na njaa. Hakuna."

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa sabuni mpaka za kunukia. Kiwanda nacho kikayumba, watu wakapunguzwa kazini, baba akiwemo. Halafu koo. Baba alisema, "Zamani koo lilikuwepo, chakula hakuna. Leo chakula kipo, koo limefungwa. Mungu naye ana ratiba yake." Mkijiuliza utani wangu nimeutoa wapi, ni hapo.

Baba alikuwa ananiita mama. Nimerithi jina la mama yake, marehemu bibi, na kwetu ukirithi jina unarithi na heshima yake. Shangazi pia alipaswa kuniita mama. Aliniitaga hivyo siku akiwa na furaha. Akitaka kunichapa alitumia jina la shule.

Waliotusaidia walikuwa wawili. Mmoja ni sista muuguzi wa dispensari ya misheni, aliyekuwa na utaratibu wa kuwatembelea majumbani wagonjwa ambao hospitali imeshawarudisha. Alikuja kwa pikipiki, gauni jeupe limejaa vumbi jekundu. Nyuma yake alipakia mama mmoja wa kanisani, mnene, ameshika kikapu cha bandeji na rozari. Mama huyu sala yake ilikuwa ndefu. Alimwombea baba, akamwombea rais, akaliombea ziwa, siku nyingine aliwaombea mpaka dagaa wapatikane, na ukifungua jicho moja unakuta sista naye kafungua lake.

Sista hakuwa mpole kama walivyo kwenye picha za kalenda. Alitukaripia. Alitukaripia kwa kumlaza baba chali, akatuonyesha kumwegemeza kwa mito. Akatufundisha kumsafisha mdomo kwa kitambaa na maji ya chumvi, kusaga vidonge vya maumivu kwa kijiko na kuvikoroga vikawa kama maji, kumgeuza asipate vidonda mgongoni. Siku moja, akiwa anafunga kikapu, alimgeukia mama.

"Na wewe unalala?"

Mama alijifunika kanga usoni akalia mlangoni pale pale. Miezi yote hiyo watu walikuwa wanauliza habari za koo. Sista alikaa naye chini, kwenye sakafu. Hata mama wa kanisani alisali kwa ufupi siku ile.

Chakula pekee kilichokuwa kinapita kwa baba kilikuwa maziwa. Yalitoka Buswahili, kwa ndugu zetu wenye ng'ombe, yalikuja kwa basi la Butiama kwenye galoni lililofungwa kwa gunzi la mahindi. Mama aliyachemsha kwa jirani, akayachuja, baba akanywa kidogo kidogo kwa kikombe cha bati. Yakawa yanamshikilia.

Halafu akaanza kuyakataa.

Anakunywa funda moja, anageukia ukutani. "Nimeshiba." Kesho yake hivyo hivyo. Mashavu yakaingia ndani, macho yakawa makubwa kuliko uso. Sista alipompima mkono kwa vidole vyake, alitutoa nje wote.

"Sikilizeni. Huu uvimbe utamuua, sitawadanganya. Lakini kwa sasa kinachomwahi si uvimbe, ni njaa. Asipokunywa anaondoka siku si nyingi. Mbembelezeni."

Tukabembeleza. Mama alimwomba kwa sauti ya uchumba ambayo sikuwahi kuisikia, nikaona aibu nikatoka. Baba mdogo alimfokea. Mama wa kanisani alikisalia kikombe mpaka maziwa yakaota utando. Shangazi akasema ni wale wa kiwandani, kuna waliobaki kazini ambao hawakumpenda, wamemroga koo, sasa wamemfunga na hamu pia. Mimi nilimwigizia mwalimu mkuu wetu akimfukuza mbuzi aliyekula mtihani, igizo ambalo siku zote lilimvunja mbavu. Alitabasamu. Midomo haikufunguka.

Nilikuwa kidato cha pili, na siku hizo nilikuwa nimetoka kuumwa malaria. Mifupa ya shingo ilinitoka kama mpini wa jembe. Mchana mmoja nilirudi shule nikakuta mama ameenda dispensari kufuata vidonge, shangazi yuko sokoni. Kikombe kilikuwa kwenye stuli, kimejaa, kimefunikwa sahani.

"Mama," baba akaniita. Sauti yake wakati ule ilikuwa kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. "Kuja hapa. Chukua hicho kikombe."

Nikachukua, nikadhani anataka kunywa. Nikamsogezea.

"Hapana. Kunywa wewe."

"Baba, haya ni yako."

"Nimesema kunywa. Na umbakishie mdogo wako. Mkimaliza osha kikombe, Serikali asijue."

Kumbe hata jina nililompa shangazi alikuwa analijua. Nilitaka kucheka, lakini nilimwona alivyokuwa ananitazama shingoni.

"Mmekula lini?" akaniuliza.

"Leo."

"Usinidanganye, mama. Mimi nalala hapa, kazi yangu ni kusikiliza. Toka dada amekuja sijasikia mwiko. Sijasikia sufuria. Moshi hakuna. Mtoto anaingia hapa ananusa vidole vyake." Akapumzika, akameza mate kwa shida, uso ukajikunja. "Nimewamalizia kila kitu kwa kulala hapa. Na bado mnanipa mimi maziwa. Mimi nayapeleka wapi? Wapeni watoto."

Nilisimama na kikombe mkononi kama mjinga. Mtu aliyekuwa anaficha mahindi chini ya majani ili sisi tule, alikuwa anajiua kwa njaa ili sisi tule, na sisi tulikuwa tumeshiba.

"Baba, sisi tunakulaga," nikasema. "Tunakula sana. Tunakulia kwa jirani. Kwenye banda la kuku."

"Banda la kuku?"

"Shangazi alisema tukila mbele yako ni kukutukana. Jana tulikula ugali wa udaga wa muhogo na sato. Mdogo wangu alinyang'anywa mkia na jogoo."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri anakabwa, kumbe ni kicheko, kimekosa njia ya kutokea. Kilimuuma, nikaona kinamuuma, lakini hakukizuia mpaka machozi yakaingia masikioni. Kilipokwisha, machozi hayakwisha.

"Kwa hiyo mliniondoa kwenye chakula nikiwa bado nipo," akasema.

Mama aliporudi nikamwambia. Shangazi aliporudi nikamwambia pia, na aliniita jina la shule, akauliza nani kanituma kumwambia mgonjwa siri za jiko. Lakini mkono haukuinuka. Alikwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha mbele.

"Ndugu yangu, nilifikiri nakuheshimu," akasema.

"Najua, dada."

"Sasa tufanyeje?"

"Pikeni."

Sista alipokuja na kusikia habari ile, aliweka kikapu chini. Alisema ameuliza choo chetu, ameuliza maji yetu, ameuliza usingizi wa mama, ila hakufikiria kuuliza tunakula wapi. Kisha akamwuliza baba kama bado ana hamu ya ladha. Baba akasema hamu ndiyo kitu pekee kisichougua. "Basi tafuna samaki, nyonya mchuzi wake, halafu uteme. Usimeze nyama."

Kutema chakula mbele ya watu! Mzee wa Mara! Baba akamtazama dada yake. Shangazi alitoka nje, tukajua amekasirika. Akarudi na bakuli lenye majivu chini yake, akaketi karibu na kitanda, akalishika yeye mwenyewe kidevuni kwa baba. Kila siku alilishika yeye. Mtu mwingine akilisogelea, anafinywa.

Sufuria zikarudi nyumbani. Sikujua kama mwiko una mlio mzuri hivyo. Siku ya kwanza mama alikaanga dagaa kwa makusudi, na dirisha lilikuwa wazi. Kwetu baba alikuwa anakula na wanaume kwenye mkeka wa chumba cha mbele, sisi wanawake jikoni. Mkeka ukatandikwa pale pale karibu na kitanda. Baba mdogo alikuwa ameenda kwake, mdogo wangu alikuwa amelala. Mkeka ukawa mtupu.

"Mama akae," baba akasema, akininyooshea kidole.

"Huyu ni msichana," shangazi akasema.

"Ana jina la mama yetu. Akae."

Nikakaa mkekani, mahali pake. Nilikata tonge, nikachovya, nikala. Baba akachukua kikombe, akanywa funda moja. Nikaacha kula nimwangalie. Naye akashusha kikombe.

"Mbona umeacha?"

Nikakata tonge jingine. Akanywa tena. Hakuna aliyepanga, ikawa ndiyo sheria: tonge kwa funda. Nikila anakunywa, nikiacha anaacha. Na katikati ya kutafuna ilibidi nimpe taarifa.

"Chumvi?"

"Imezidi. Mama leo ana mapenzi."

"Udaga wa wapi?"

"Wa shangazi, wa Bunda. Una mchanga kidogo, nafikiri wamepima na barabara."

Shangazi akaguna, bakuli mkononi.

Ubaya wa sheria ile ni kwamba tumbo langu lina mwisho na kikombe kilikuwa kikubwa. Nilipunguza matonge, akapunguza mafunda. Mzee alikuwa na macho. Nilikula nikiwa na njaa, nilikula nikiwa nimeshiba, nilikula mpaka ugali ukawa unanitazama vibaya. Mara nyingine nilitoka nikajiegemeza ukutani, nikaita malaika kwa lugha zote za Mara. Halafu narudi, kwa sababu robo ya kikombe ilikuwa imebaki.

Yeye alikonda, mimi nikanenepa. Zipu ya sketi ya shule ikakataa. Wenzangu wakaniita Sangara. Matroni wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kutuminya matumbo kila muhula kutafuta mimba, aliniminya mara mbili na kuniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya udaga. Nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi, na nyumbani baba alinywa kikombe kizima siku ile kwa kusikia habari hiyo tu.

Alipata majuma ambayo sista hakuyategemea. Hakupona, msije mkafikiri. Alipata tu majuma. Katika majuma hayo alituambia wapi kuna mpaka wa shamba, alimfundisha mdogo wangu kupiga mluzi, na alimwomba mama msamaha kuhusu ule ugali.

Kisha maziwa nayo yakaanza kurudi. Funda linaingia, linatokea puani, anakosa pumzi, shangazi anampiga mgongoni huku anaita majina ya wafu. Sista akaja, akamsikiliza kifua, akatutoa tena nje. Mama wa kanisani hakusali. Alimshika mama mkono tu.

"Sasa msimlazimishe tena," sista akasema. "Mlowesheni midomo kwa kitambaa. Inatosha."

Mchana ule mkeka ulitandikwa kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema usitandikwe. Mama alileta ugali na samaki ningu wa kuchemsha. Kikombe hakikuletwa. Nilikaa mbele ya sahani, sijui nifanye nini. Kula bila yeye kunywa ilikuwa kama kuvunja mkataba. Nikamtazama. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye shuka, akakielekeza kwenye sahani.

Nikakata tonge. Nikala. Hakuwa na sauti ya kuuliza chumvi, nikamwambia mwenyewe: leo haipo kabisa, mama amesahau. Nikala tena. Nilipoinua macho niliona taya lake linakwenda. Hakuna kitu mdomoni, lakini lilikuwa linapanda na kushuka, taratibu, pamoja na langu. Nikipumzika, linapumzika. Nilimaliza ugali wote. Nilikula na ukoko.

Alifariki asubuhi iliyofuata, mama akiwa anamlowesha midomo.

Basi la kutoka Butiama halikuwa na habari. Mchana, waombolezaji wakiwa wanafika, kondakta aliingia uani anapiga mluzi, galoni la maziwa begani, limezibwa kwa gunzi lake. Aliona watu wamekaa chini, akaacha kupiga mluzi. Hakujua amkabidhi nani. Shangazi alilipokea, akayamimina maziwa kwenye sufuria kubwa ya chai ya watu.

Baada ya mazishi wanawake walipika, wanaume wakatandikiwa mikeka, ule wetu ukiwa wa kwanza. Nilibeba sahani kutoka jikoni, na miguu ikanipeleka ilikozoea. Nikakaa mahali pake. Wajomba na baba wadogo waliacha kunawa wakanitazama. Mmoja akasema, si kwa ukali, "Binti, wenzako wako jikoni."

Shangazi alikuwa mlangoni, sauti imekwisha kwa kulia.

"Mwacheni," akasema. "Huyo ni mama yake. Ale."

Wakasogea kidogo. Nikakata tonge, nikala, nikakata jingine, nikalishika mkononi, nikasubiri, kama nilivyozoea kusubiri, kwanza nisikie baba akinywa funda lake.